Anayetafuta kazi aombe taarifa kabla ya kuomba kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo kuhusu vijana wetu wanaotafuta kazi, hasa kuhusu imani iliyoota mizizi miongoni mwao kwamba pasipo mjomba mkubwa ofisini hakuna ajira, na kwamba asiye na mjomba huyo hana la kufanya ila kusubiri tangazo, kutuma maombi na kusubiri tena. Nimetumikia idara za rasilimali watu katika kampuni binafsi, kwanza Dar es Salaam na baadaye Morogoro, hadi nilipostaafu, na kwa miaka yote hiyo meza yangu ndiyo iliyopokea bahasha za kaki zenye maombi ya kazi. Ninayoyaandika nimeyaona kutokea upande wa meza ambao mwombaji hapati nafasi ya kuuona.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi zaidi ya 135,000, maana yake kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 80. Vijana hao hawakufanya kosa lolote kuomba, na ningekuwa na umri wao ningeomba pia. Ninachotaka waone ni kwamba nafasi iliyotangazwa nchi nzima ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote, na anayetegemea matangazo peke yake amejipanga katika foleni hiyo maisha yake yote ya kutafuta kazi.

Sehemu kubwa ya kazi katika sekta binafsi hazitangazwi kabisa. Zichukue kampuni za kati na ndogo, yaani kampuni za usafirishaji, maghala, karakana, shule binafsi, zahanati, viwanda vya kukoboa na kusaga, na hoteli za watalii. Msaidizi wa mhasibu anaaga Ijumaa kwamba amepata kazi Mwanza. Mwenye kampuni anawageukia wafanyakazi wake na kuwauliza kama wanamjua mtu mwaminifu anayeweza kushika vitabu, na wiki inayofuata mtu huyo yuko ofisini akielekezwa. Halikuchapishwa tangazo, haikufunguliwa bahasha hata moja. Mwajiri huyu hakufanya hivyo kwa ubaya. Tangazo lina gharama, na gharama kubwa zaidi ni ile ya kusoma mamia ya maombi yatakayokuja, wakati kampuni nzima ina karani mmoja. Zaidi ya yote ana hofu, kwa kuwa atamkabidhi mtu funguo za stoo au daftari la makusanyo, naye anataka kuwe na mtu mmoja anayemfahamu ambaye yuko tayari kumsemea mgeni huyo.

Hapa nitenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo ya vijiweni huyachanganya. Katika utumishi wa umma kazi ni mali ya wananchi wote, na ndiyo sababu marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 yalizaa Sekretarieti ya Ajira, ili watu washindanishwe kwa usaili ulio wazi. Anayempitisha ndugu yake mlango wa nyuma huko amemnyang'anya haki mtoto wa mwingine, na mimi simtetei kwa neno hata moja. Kwa nafasi hizo, watu unaowafahamu wana msaada mmoja tu ulio halali, nao si mdogo: waliokwisha kufanya usaili wa mchujo wanaweza kukueleza ulivyopangwa, muda uliotolewa, na sheria na miongozo ya kada yako inayostahili kusomwa mapema. Vikundi vya kujisomea vya waombaji wa kada moja ni jambo jema, na ningependa kuviona vingi zaidi kuliko makundi ya WhatsApp ambayo watu husambaziana tangazo lilelile mara tano. Katika kampuni binafsi swali ni tofauti. Huko tuulize ni kwa njia gani mtoto wa mkulima wa Kilosa, ambaye hana mjomba mjini, atajulikana kwa watu wale wanaoulizwa na bosi wao siku ya Ijumaa.

Jibu la swali hilo halianzii kwa ndugu wala kwa marafiki wa karibu. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahoji watu waliobadili kazi katika mji wa Newton, karibu na Boston, na mwaka 1973 akachapisha matokeo ambayo yangali yanatajwa hadi leo. Miongoni mwa waliopata kazi kwa kupashwa habari na mtu wanayemfahamu, takriban 17 tu kati ya kila 100 walipashwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walipashwa na watu waliokutana nao mara mojamoja au kwa nadra sana. Mwaka 2022 watafiti waliochambua mienendo ya watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn walifikia hitimisho linalokaribiana na hilo, wakaongeza kwamba anayesaidia zaidi ni mtu wa kati, ambaye si mgeni kabisa kwako na pia si rafiki wa kila siku.

Marekani si Tanzania, lakini sababu inayoeleza matokeo hayo ni ileile hapa kwetu. Rafiki uliyemaliza naye chuo, mnaoishi mtaa mmoja na mko katika makundi yaleyale ya simu, anajua unachokijua wewe na anakosa unachokikosa wewe. Anayepita mahali usipopita ndiye mwenye habari usiyokuwa nayo. Kijana akae chini na karatasi, aandike majina ya watu wa namna hiyo, naye atashangaa kwamba anao wengi. Yupo msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, ambaye kijana alimuaga siku ya mwisho na hakumpigia simu tena. Yupo dereva wa kampuni alikofanyia mafunzo hayo, ambaye huingia katika viwanda kumi kwa wiki na hujua ni wapi wamefunga mtambo mpya. Wapo waliomtangulia chuoni mwaka mmoja au miwili, mwalimu wa somo alilolipenda, jirani aliyehamia Njombe, kiongozi wa kwaya au wa madrasa, mteja wa duka la mama yake. Hawa hawana cheo cha kumpa mtu kazi, na haihitajiki wawe nacho, maana kinachotafutwa kwao ni habari.

Kwenye namna ya kuwaendea ndipo vijana wengi wanapoharibu, nami niseme wazi bila kuwadharau. Ujumbe niliokuwa nikiupokea kwa wingi kuliko wowote ulikuwa wa mstari mmoja: "Habari boss, naomba kazi yoyote." Anayeandika hivyo anadhani ameonesha unyenyekevu na utayari, kumbe amemtwisha msomaji kazi ya kufikiri kwa niaba yake. Sikuwa na mahali panapoitwa kazi yoyote. Nilikuwa na upungufu wa fundi wa majokofu, au wa mtu wa kupokea mizigo usiku, au wa mwalimu wa hesabu katika shule ya tajiri wangu. Ombi la kazi pia humlazimisha mtu akujibu ndiyo au hapana, na kwa kuwa mara nyingi hana nafasi, jibu linakuwa hapana na mazungumzo yanakufa. Ombi la taarifa halimbani mtu, na wakubwa wengi hupenda kuulizwa kuhusu kazi waliyoifanya kwa miaka mingi.

Ujumbe ambao ningeujibu siku hiyohiyo ungekuwa wa namna hii: "Shikamoo Mzee. Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika karakana yenu mwaka juzi, chini ya fundi mkuu wa zamu ya asubuhi. Sasa nimemaliza stashahada ya umeme wa viwandani, na nalenga kazi ya matengenezo ya mitambo hapa Morogoro au mkoa wa Pwani. Naomba dakika kumi za muda wako, kwa simu au ofisini, siku utakayoona inafaa, unieleze viwanda vya huku vinataka fundi kijana awe anajua nini." Kijana huyo amejitambulisha, ametaja mahali tulipokutana, amesema anachokiweza na anachokitaka, na ameomba kitu ninachoweza kumpa hata kama kampuni yangu haina nafasi. Akija, aulize kweli na asikilize kweli. Kabla ya kuaga aulize swali moja ambalo halipaswi kusahaulika, yaani ni nani mwingine anayefaa kuzungumza naye, na kama anaweza kusema ameelekezwa na mimi. Baada ya siku chache atume ujumbe wa shukrani, na baada ya miezi miwili au mitatu atoe taarifa ya alipofikia. Wengi hupotea kabisa baada ya mazungumzo ya kwanza, kisha huibuka mwaka unaofuata wakiwa na shida, na hapo hata mtu mwenye moyo mzuri huona ametumiwa.

Mahali pa kukutana na watu wapya pia papo, na hapahitaji kadi ya mwaliko. Kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai kuna Maonesho ya Sabasaba katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane katika kanda mbalimbali, kuanzia hapa Morogoro hadi Nzuguni Dodoma na viwanja vya John Mwakangale kule Mbeya. Vijana wetu huenda huko kutazama na kupiga picha. Wanapita mbele ya mabanda ya kampuni mia kadhaa, na katika kila banda amesimama mtumishi aliyelipwa siku nzima kwa kazi moja tu, ya kuzungumza na yeyote anayesogea. Siku nyingine yoyote ya mwaka, kumfikia mtumishi huyo kungehitaji kumpita mlinzi wa getini, mtu wa mapokezi na katibu muhtasi.

Ningemshauri kijana aende siku ya kazi, asubuhi, wakati umati haujajaa, na aiepuke sikukuu yenyewe. Achague mabanda ya fani yake tu. Mhitimu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kwenye Nanenane aanze na kampuni za mbegu, za matrekta, za mabomba ya umwagiliaji na za viuatilifu. Aulize bidhaa inavyofanya kazi, inauzwa katika mikoa ipi, nani huwahudumia wakulima baada ya mauzo, na kampuni huwapata wapi watu wake wa mashambani. Aandike jina na namba ya aliyezungumza naye kabla ya kwenda banda jingine, kwa sababu jioni majina yote huchanganyika. Ujumbe wa kumkumbusha utumwe ndani ya wiki hiyo. Nimeajiri watu walioanza kwa maswali ya namna hiyo mbele ya banda letu, wakati wenye vyeti vinavyozidi vyao walikuwa wamesimama hatua chache kutoka hapo wakisubiri kugawiwa kofia.

Bodi za kitaaluma nazo zinasahaulika mno. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango ulioanza mwaka 2003, ambao mhandisi mhitimu huwekwa chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu hadi afikie usajili kamili, na kwa njia hiyo anajulikana kazini na si kwenye karatasi. Wahasibu wana NBAA, watu wa ununuzi na ugavi wana PSPTB, na kila bodi huwa na semina na mikutano ambako mhitimu huketi jirani na wakuu wa vitengo. Ada zinaumiza asiye na kipato, nalielewa hilo, na ningeziomba bodi zifikirie kuwakaribisha wahitimu wa mwaka wa kwanza bila malipo, hata kama ni kwa kuwapa kazi ya kuandikisha wageni mlangoni.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho kimewagharimu wengi bila wao kujua. Karibu kila tangazo la kazi, likiwemo la Sekretarieti ya Ajira, linamtaka mwombaji aandike majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Waombaji huandika majina hayo kwa mazoea, aghalabu ya watu ambao hawajawasiliana nao tangu mahafali. Mimi nilikuwa nikiwapigia. Niliwahi kupiga simu nikaambiwa, "Jina hilo silikumbuki vizuri, labda nikimwona sura," na kwa dakika hiyo moja mtu mwenye alama nzuri akatoka katika orodha yangu. Mdhamini aombwe ridhaa kwanza, apewe nakala ya wasifu, na aelezwe ni kazi gani inaombwa ili ajue la kusema.

Siwezi kuwahimiza watu kutafuta watu bila kusema ukweli kuhusu wasichana. Ushauri wote nilioutoa ni mwepesi zaidi kwa kijana wa kiume, kwa sababu binti anayeomba dakika kumi za mkubwa fulani mara nyingine hujibiwa kwa mwaliko wa chakula cha jioni. Kudai ngono ili kutoa ajira ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU inapokea taarifa kwa namba ya bure 113. Mazungumzo yafanyike ofisini, saa za kazi, au mahali penye watu, na binti ana haki ya kwenda na mwenzake bila kuulizwa sababu. Anayekataa masharti hayo amekwisha kujieleza, asifuatwe tena. Nawasihi pia wazazi wasimuulize binti aliyerudi mikono mitupu kwa nini "ameshindwa kuongea na watu vizuri". Wengine wamerudi mikono mitupu kwa sababu wamejiheshimu.

Kuhusu matapeli nitakuwa mfupi. Sekretarieti ya Ajira imeonya mara nyingi kwamba haimtozi mwombaji fedha, na usajili katika huduma ya ajira ya Serikali, TaESA, ni bure. Anayekuomba hela ya fomu, ya sare au ya "kufungua faili" ili upate kazi ni mwizi, hata akiwa na barua yenye nembo. Wakala binafsi anatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi, nawe una haki ya kuomba kuiona kabla hujamwachia nakala ya cheti chako.

Kujitolea ni suala gumu zaidi, na msimamo wangu hautawapendeza waajiri wenzangu wa zamani. Kujitolea kwa miezi mitatu au sita, kukiwa na msimamizi anayekufundisha na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, ni njia nzuri ya kujulikana. Lakini nimeona vijana wakishika zamu kamili kwa mwaka wa pili na wa tatu, wakilipwa nauli tu kwa ahadi kwamba "bajeti ikitoka utakumbukwa", huku kazi yao ikiingiza mapato kila siku. Huyo si mwanafunzi tena, ni mfanyakazi asiyelipwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Kijana aombe karatasi tangu siku ya kwanza. Akinyimwa, aweke tarehe yake mwenyewe ya kuondoka na aitumie nafasi hiyo kukusanya ujuzi na majina ya watu. Siku za mapumziko aendelee kutafuta kwingine, kwa sababu nimewaona wengi wakiacha kabisa kutafuta siku walipopata mahali pa kujitolea.

Wenye kampuni nao wana sehemu yao, kwa kuwa si haki kumbebesha asiye na kazi mzigo wote. Kama hamtaki gharama ya tangazo la gazetini, bandikeni nafasi kwenye ubao wa nje ya geti kwa siku tano kabla ya kuwauliza wafanyakazi wenu, na mpeleke taarifa hiyo katika chuo cha VETA kilicho karibu nanyi. Ukuu wa idara ya rasilimali watu haumzuii mtu kutenga saa mbili kwa mwezi kwa wahitimu wanaokuja kuuliza. Nilifanya hivyo kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi na kazi zangu hazikulala. Vyuo navyo viache kuhesabu mafunzo kwa vitendo kama alama za kupasisha tu. Mkufunzi anapoipitia ripoti ya mwanafunzi amuulize pia amefahamiana na nani huko alikokuwa, na kama amerudi kuwashukuru.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Gazeti lako huwa na kurasa za matangazo ya ajira, na najua hununuliwa na vijana wanaochangiana nakala moja watu wanne. Pembeni mwa matangazo hayo chapisha kila wiki mahali zilipo ofisi za TaESA, tarehe za mikutano ya bodi za kitaaluma ambayo wahitimu wanaweza kuhudhuria, na maonesho yajayo katika kila mkoa. Nafasi inayotakiwa haizidi kiganja cha mkono, na kama itahitajika mtu wa kukusanya taarifa hizo kwa Kanda ya Mashariki, niko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa idara ya rasilimali watu,
Morogoro